Pimamaji ya Marehemu Ladislaus

“Mama Gau, hivi hicho kidude cha marehemu unakificha cha nini? Unataka tufungwe mtaa mzima?”

Aliyeniuliza ni jirani yangu, Mama Resti, tena aliniuliza kwa sauti ya chini huku macho yake yako dirishani. Ilikuwa siku ya tatu tangu serikali ianze kupita nyumba kwa nyumba kukusanya pimamaji. Yangu, yaani ya marehemu mume wangu Ladislaus, nilikuwa nimeitundika nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Askari wetu hata wawe wakorofi namna gani, picha ile hawathubutu kuibandua.

Kwa asiyejua, pimamaji ni kipande cha mbao nyembamba chenye kichupa cha kioo katikati. Ndani ya kichupa kuna maji na kiputo kimoja cha hewa. Fundi akiilaza juu ya tofali na kiputo kikakaa katikati, tofali limelala sawa. Kiputo kikikimbilia pembeni, tofali limeinama. Kiputo hakiulizi mwenye nyumba ni nani. Ladislaus alijenga kwa miaka thelathini na moja, na alikuwa akisema kwamba katika kazi yote ile, pimamaji ndiyo pekee iliyompa jibu bila kumwomba soda.

“Naitunza tu,” nikamjibu Mama Resti.

“Unaitunza! Na meza yangu je? Kesho utakuja nayo barabarani wakuone?”

“Nitaifunga kwenye khanga.”

Mama Resti alikuwa na klabu ya vinywaji, na nje ya klabu, chini ya bati, palikuwa na meza ya pool. Mimi pombe sinywi na klabuni sikai. Lakini udongo wa pale ulikuwa unatitia kila mvua ikinyesha, meza inalala upande, mipira inakwenda inakotaka, wateja wanapigana. Kwa hiyo kila nikitoka misa ya asubuhi nilipita pale. Naweka pimamaji juu ya kitambaa cha kijani, Mama Resti ananyanyua mguu wa meza kwa mtaimbo, mimi nachomeka kipande cha kigae. Kiputo kikitulia, nakwenda zangu nyumbani kunywa uji.

Binti yake, Restituta, alijifunzia mchezo kwenye meza hiyo tangu kichwa chake kilipokuwa kinalingana nayo. Akakua anaamini kwamba mpira ukiupiga sawasawa, utakwenda sawasawa. Ndivyo tulivyomharibu mtoto.

*

Sasa niseme kwa nini pimamaji zilikusanywa, nisije nikaonekana naisingizia serikali.

Miaka minne kabla ya mashindano nitakayoyasimulia, nchi yetu ilijenga Ukumbi wa Taifa. Mkandarasi alikuwa kaka wa mke wa Waziri wa Michezo na Mapambo, Mheshimiwa Fulgensi Bandawe. Hilo si la kushangaza, kila mtu ni kaka wa mke wa mtu. Siku ya ufunguzi Mlezi wa Taifa aliketi katikati ya ukumbi kwenye kiti kipya chenye magurudumu, akaanza kusoma hotuba. Kufika ukurasa wa pili, kiti kikaanza kuondoka.

Kiliondoka polepole, kwa adabu, kurudi nyuma kuelekea ukuta wa mashariki, na Mlezi yuko juu yake anaendelea kutueleza maendeleo. Mshika kipaza sauti akamfuata kwa magoti. Hakuna aliyethubutu kukizuia kiti, maana katiba yetu inakataza kumgusa Mlezi anapohutubia. Alimalizia hotuba mgongo ukiwa umeegemea plasta, na sisi tukapiga makofi tukiwa tumegeuza shingo.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba Mlezi aliamua mwenyewe kuwasogelea wananchi wa mashariki. Jukwaa lake likajengwa palepale kiti kilipokomea, na kiti kikafungwa kamba za rangi ya dhahabu. Wiki iliyofuata bunge likapitisha Sheria ya Ubapa, aliyoiandika Mheshimiwa Bandawe kwa mkono wake. Kifungu cha kwanza: sakafu ya Ukumbi wa Taifa, na kila kilichowekwa juu yake, ni bapa. Kifungu cha pili: mtu yeyote, awe na cheo gani, atakayesema au kuashiria kwamba kimeinama au kiliwahi kuinama, jela miaka sita. Kifungu cha tatu: pimamaji zote zikabidhiwe, kwa kuwa nchi iliyokwisha kuwa bapa haina haja nazo.

Zikachomwa moto uwanjani, bendi ya magereza ikipiga muziki.

Kikaundwa na Kitengo cha Ubapa, chenye askari mmoja aitwaye Afande Method, mtu mrefu asiyecheka, anayezunguka ukumbini na daftari. Alimwandika mwimbaji wa kwaya aliyesema ameteleza. Alimwandika mzee mmoja aliyeweka chungwa chini akalifuata. Afande Method hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameisoma sheria mstari kwa mstari na kuiamini yote, na katika nchi yetu alikuwa peke yake.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya kupiga deki ukumbini humo. Nimeishia darasa la saba, siwezi kubishana na bunge. Ninachokijua ni maji. Nilikuwa nikimwaga ndoo mlangoni, nasali Salamu Maria kumi za rozari, kisha nakwenda kuyapokea maji mbele ya jukwaa la Mlezi. Sikuwahi kuyasukuma hata siku moja.

*

Halafu tukapewa mashindano ya dunia ya pool, ya wachezaji wa kulipwa. Nchi nyingine zina kumbi, zina barabara, zina umeme wa siku saba. Tukapewa sisi. Nilipolisikia jambo hilo niliweka sufuria chini nikasema, hapa pana mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Sabasi, kaka wa mke wa Mlezi, ambaye nchi nzima tulitakiwa kumwita Shemeji wa Taifa. Shemeji alikuwa amewekewa meza ya pool ukumbini tangu ukumbi ufunguliwe, na kwa miaka minne alicheza peke yake kila siku mimi nikipiga deki kumzunguka. Sikuwahi kumwona akipiga mpira kwa nguvu. Aliugusa tu na ncha ya fimbo, kisha anafungua soda. Mpira unajivuta wenyewe, taratibu, mpaka kwenye shimo la kona iliyo upande wa jukwaa. Anakunywa, unaingia.

“Unaona kipaji, mama?” aliniuliza siku moja.

“Nakiona, Shemeji.”

“Wengine wanatumia nguvu. Mimi natumia utulivu.”

“Utulivu ni zawadi ya Mungu,” nikasema, nikakamua tambara.

Kanuni za wazungu wenye mashindano zilimpa mwenyeji nafasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Shemeji. Ya pili serikali ikasema ni ya mwananchi wa kawaida, atakayetolewa siku ya kwanza na kuishukuru serikali mbele ya kamera. Wakamchagua Resti, kwa kuwa alikuwa msichana, wa klabu ya uswahilini, na sura yake ni ya mtu anayeshukuru haraka.

Lakini kanuni hizo hizo zilisema bingwa, hata kama hajawahi kuvuka mpaka, atapewa kadi ya kucheza nchi zote duniani. Resti alikuja kwangu jioni ile, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

“Mama Gau, nikiipata ile kadi sifungui tena chupa ya mtu. Sishikwi tena kiuno na mlevi anayesema alikuwa anatafuta chaki.”

“Mama yako anasemaje?”

“Anasema nishindwe vizuri nirudi nyumbani.”

“Na wewe?”

“Mimi sijui kushindwa vizuri. Hamkunifundisha.”

*

Mwamuzi mkuu alikuwa mzungu mrefu, Bwana Halvorsen, na kitu cha kwanza alichokiomba aliposhuka kwenye ndege kilikuwa pimamaji. Kanuni yao ni kwamba kila asubuhi kabla ya mchezo meza ipimwe. Wizara ikatafuta nchi nzima. Ikakumbuka moto ule na bendi.

Redio ikatangaza: mwenye pimamaji ajitokeze, hatafanywa chochote. Nina miaka sitini na miwili. Nikisikia “hatafanywa chochote” huwa naangalia kwanza mlango uko wapi.

“Usiende,” Mama Resti akaniambia. “Ni mtego. Wanataka kujua nani alificha.”

“Pasipo pimamaji hakuna mashindano. Pasipo mashindano hakuna kadi.”

Akafuta meza ya klabu iliyokuwa tayari safi.

“Basi ifunge kwenye khanga mbili,” akasema.

Mheshimiwa Bandawe mwenyewe alinipokea. Alikuwa mnene mwenye sauti ya maziwa ya moto, na chini ya kwapa alibeba faili jekundu lililoandikwa jina lake kwa herufi za dhahabu. Alipoiona pimamaji alirudi nyuma kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa nyoka kwenye kikapu.

“Mama yetu mpendwa! Mzalendo! Uliihifadhi wapi?”

“Nyuma ya Moyo Mtakatifu, Mheshimiwa.”

“Vizuri sana. Kuanzia leo wewe ni Mpimaji Mkuu wa Taifa. Lakini deki utaendelea nayo.”

Siku ya ufunguzi wachezaji thelathini na wawili walipangwa mstari. Bwana Halvorsen alitaka kuja kupima kwa macho yake, lakini alikuwa amekalishwa kwenye sofa ya wageni wa heshima. Sofa zile mnazijua. Mtu akikaa anazama mpaka kifuani, na mbele yake wanamwekea meza ya kioo yenye soda sita, maji, korosho na maua. Alijaribu kuinuka mara mbili. Mara ya tatu akaletewa korosho zaidi.

Nikailaza pimamaji mezani. Kiputo kikakimbia hadi mwisho wa kichupa na kubana huko kama panya aliyeona taa. Mheshimiwa Bandawe akanisogelea na kipaza sauti.

“Haya, Mpimaji Mkuu, tusomee!”

Nikamnong’oneza: “Nisome kiputo, Mheshimiwa, au nisome sheria?”

Akatabasamu kwa kamera. “Soma sheria, mama.”

Nikageukia nguzo nikasoma kilichobandikwa, kwa sauti, kama nilivyozoea kusoma somo la kwanza kanisani: sakafu ya Ukumbi wa Taifa, na kila kilichowekwa juu yake, ni bapa. Mkalimani akatafsiri kwamba mama amepima na ameridhika. Ukumbi ukalipuka makofi. Mimi sikusema uongo. Lakini usiku ule rozari ilinigomea mkononi, shanga moja naisali mara tatu.

*

Wageni walikufa kama kumbikumbi. Mwanamama mmoja kutoka nchi ya barafu, bingwa mara nne, aliupiga mpira wa kwanza vizuri kabisa, ukakata kona katikati ya meza na kuingia shimo la jukwaani. Mwingine aliutuliza mpira mweupe mahali, akainama afunge kamba ya kiatu, alipoinuka haukuwepo. Kila mpira ulikuwa unakwenda kumsalimia Mlezi, ambaye alikuwa jukwaani siku zote tatu, kwenye kiti chake kilichofungwa, amelala.

Wageni wakalalamika. Mheshimiwa Bandawe akaunda Tume ya Kuchunguza Mwenendo wa Mipira. Tume ilikaa saa nne na kugundua kwamba mipira ilitoka nje ya nchi, na kwamba mpira mweusi namba nane ndiye kiongozi wa wenzake. Ukawekwa mahabusu usiku mmoja, ukarudishwa asubuhi umefungwa kwenye bahasha, na taarifa ikasema umeonywa.

Wakati huo Shemeji anashinda tu. Anagusa, anafungua soda, anashinda.

Na Resti naye akawa anashinda, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Alikuwa anakuja na mimi alfajiri kunisaidia deki. Namwaga maji mlangoni, yeye anachuchumaa, anayatazama yanavyokwenda: hapa yanakwenda haraka, pale yanajikunja, karibu na nguzo ya tatu yanasita. Hakuwahi kuuliza neno. Mchana akishika fimbo, naona midomo yake inahesabu, na mpira anaupeleka kwa njia ya maji. Waliobaki siku ya nne walikuwa wawili, Shemeji na yeye.

Lakini Resti alikuwa na siku tatu za maji, na Shemeji alikuwa na miaka minne ya soda.

“Nitashindwa,” akaniambia mchana ule, tukiwa tunasuuza matambara. “Ile kona anaijua kuliko jina lake. Angekuwa amekuja kwenye meza ya mama…”

*

Jioni hiyo Mheshimiwa Bandawe alinikuta stoo ya mifagio. Alifunga mlango, nami nikausogelea.

“Mama, huyu mzungu ana kiburi. Amesema hakubali fainali mpaka mpimaji ale kiapo. Mkono juu ya Biblia, useme meza imenyooka. Sheria peke yake haitaki.”

“Anashuku, Mheshimiwa.”

“Anashuku! Mgeni, tumemlisha korosho, anashuku!” Akajifuta jasho kwa kitambaa. “Nikasema sawa kabisa. Huyu mama hakosi misa, ni mwenyekiti wa jumuiya yake. Akiapa yeye, nani atabisha?”

“Na nisipoapa?”

“Usipoapa hakuna fainali. Pasipo fainali Shemeji anachukua kombe na kadi, kwa sababu ndiye mkubwa kwa umri. Kisha tutakuuliza vizuri kuhusu ile miaka minne, nyuma ya picha.” Akanishika bega kwa upole uliozidi. “Apa tu, mama. Ni maneno.”

Akatoka. Nilibaki na mifagio.

Sikupata usingizi. Nikiapa uongo, naichoma roho yangu na kadi ya Resti inakwenda kwa Shemeji. Nikikataa, kadi inakwenda kwa Shemeji na mimi nakwenda jela. Niliugeuza upande huu na upande ule mpaka jogoo wa kwanza. Ndipo nikaona kwamba kiapo chenyewe hakikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwenye meza.

Nikaenda kugonga kwa Mama Resti.

“Amka. Chukua mtaimbo.”

“Nani amekufa?”

“Hakuna. Tunakwenda kusawazisha.”

“Resti ajue?”

“Resti asijue. Asije akaulizwa naye akajibu.”

Tukafika ukumbini kunapambazuka, mimi na ndoo ya deki, yeye na mtaimbo ameufunga tambara nchani ukafanana na fagio la kuondolea utando. Mlangoni alisimama Afande Method na daftari lake.

“Huyu nani?”

“Msaidizi wa deki, afande. Leo fainali, lazima pang’ae.”

Akaijaribu ndoo kwa mkono. “Mbona nzito hivi?”

“Ni uchafu wa serikali, afande, siku nne.”

Akafikiri kama hilo lina kifungu. Halikuwa nacho. Tukapita.

Chini ya tambara, ndani ya ndoo, vilikuwepo vigae kumi na viwili vya marehemu. Meza ya mashindano ilikuwa imevalishwa vitambaa vya mapambo vya rangi za bendera hadi sakafuni, kama meza ya maharusi, kwa hiyo miguu haikuonekana. Mama Resti akaingia chini ya mapambo na mtaimbo. Mwanamke yule amebeba kreti za bia tangu ujana wake. Nikasikia anaguna, meza ikapumua, nikachomeka kigae. Mguu wa jukwaani ulikula vitatu, wa jirani yake vitatu. Kiputo kikaanza kurudi kutoka huko pembeni, kinasita, kinarudi. Cha nne. Kikafika katikati, kikatulia.

Mama Resti alitoa kichwa nje ya kitambaa cha bendera, nywele zimejaa vumbi. “Kimekaa?”

“Kimekaa.”

“Mungu wangu,” akasema, “sasa ndiyo tutafungwa.”

*

Saa nne asubuhi ukumbi ulifurika. Mlezi alikuwa jukwaani amelala. Bwana Halvorsen alikuwa amekataa sofa, anatembea huku na huku na mkalimani nyuma yake na korosho nyuma ya mkalimani. Nikaletewa Biblia. Nikailaza pimamaji mezani, nikanyoosha mkono, nikasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

“Mimi, mjane wa Ladislaus, naapa mbele ya Mungu kwamba meza hii, leo hii, imenyooka.”

Bwana Halvorsen akainama akakitazama kiputo. Akakitazama muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akakitazama tena. Mheshimiwa Bandawe, pembeni, alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Mzungu alipoinua kichwa na kusema neno moja, mkalimani kwa mara ya kwanza wiki ile hakuhitaji kuongeza kitu: “Amekubali.”

Mheshimiwa akafumbua macho. Niliona anashangaa, kisha anajipongeza. Nadhani alidhani ameisawazisha yeye, kwa sheria.

Aliyetangulia alikuwa Resti. Aliupiga kwa hesabu ya maji ya deki, na mpira ukapita mbali na shimo. Watu wakaguna. Akasimama. Akaiinamia meza, shavu karibu na kitambaa, kama anavyofanya kwao asubuhi. Akapitisha kiganja juu ya kijani kile, taratibu. Kisha akaniangalia mimi, huku niliko na ndoo yangu, na mimi nikaangalia juu, kwenye taa.

“Shikamoo meza,” nikamsikia akisema.

Zamu ikawa ya Shemeji. Akaugusa mpira na ncha ya fimbo, akageuka, akafungua soda. Mpira ukaenda upana wa kiganja ukasimama. Shemeji akanywa. Mpira umesimama. Akanywa tena, anautazama kwa pembe ya jicho, kama mtu aliyemtuma mtoto dukani na mtoto hajaondoka. Wananchi wakafikiri ni mbinu mpya, wakapiga makofi. Bendi ikaingiza wimbo wa kuhamasisha. Dakika tatu zikapita. Bwana Halvorsen akaonyesha saa yake.

Zamu ya Resti. Akaingiza mipira saba mfululizo na mweusi juu yake, bila kuhesabu kitu, midomo imefungwa. Mchezo wa kwanza. Mshindi alitakiwa kushinda mitano. Wa pili ukawa vilevile. Wa tatu Shemeji alimwaga soda. Wa nne alijaribu kutumia nguvu, kitu ambacho hakuwahi kujifunza, akaurusha mpira mweupe kwenye ngoma ya bendi.

Mchezo wa tano, sijui kwa huruma gani ya Mungu, mpira mweusi ukabaki kwenye mdomo wa shimo la jukwaani, shimo lake la miaka minne, umebakiza upana wa vidole viwili. Ilikuwa zamu yake. Akaugusa kwa utulivu wote alionao, akageuka kwa wananchi akiwa ameinua mikono miwili. Ukumbi haukumshangilia. Mpira ulisogea kidole kimoja, ukabaki pale, umetulia.

Resti akauingiza.

*

Bwana Halvorsen akatoa kadi mfukoni, kadi ndogo tu ya buluu, akainyanyua juu. Hakuwa ameifikisha mkononi kwa Resti pale Mheshimiwa Bandawe alipopaza sauti.

“Simamisha! Matokeo hayatambuliki! Meza hii imechezewa!”

Mkalimani akatafsiri kabla hajakatazwa. Mzungu akabaki na kadi hewani. Resti alikuwa ameinyooshea mkono, na mama yake huko nyuma ameshika kichwa. Mheshimiwa akanijia, faili jekundu chini ya kwapa, na ile sauti ya maziwa ilikuwa imechacha.

“Wewe mama. Umeifanya nini meza hii?”

“Nimepiga deki, Mheshimiwa. Halafu nikaapa, kama ulivyoniambia.”

“Usinizungushe! Kuna kitu kimefanyika hapa! Shemeji hawezi kukosa ile kona, nchi nzima inajua hawezi kuikosa!” Kipaza sauti bado kilikuwa kifuani kwake, kila neno likawa linazunguka ukumbi. “Meza haikuwa hivi! Nani ameinyoosha?”

Ukumbi wote ukageuza shingo. Bendi ikashusha ngoma. Hata Mlezi, kule jukwaani, alifungua jicho moja.

Afande Method alitoka kwenye nguzo yake. Alikuja polepole, buti lake likisikika, akasimama hatua moja kutoka kwa Mheshimiwa. Akafungua daftari ukurasa mpya, akailamba ncha ya kalamu, akasubiri.

Nikaishika pimamaji kwa mikono miwili, mbele ya khanga yangu.

“Samahani, Mheshimiwa,” nikasema. “Kwani jana ilikuwaje?”

Mheshimiwa Bandawe akafungua mdomo. Akaitazama kalamu ya Afande Method. Akaitazama nguzo, na kwenye nguzo karatasi, na chini ya karatasi sahihi yake mwenyewe, iliyokwenda na mkia mrefu. Akalitazama lile jicho moja la Mlezi. Mdomo ulikuwa bado wazi. Kisha akaufunga.

Bwana Halvorsen akaiteremsha kadi, akaiweka kwenye kiganja cha Resti, na Resti akakifumba.

Mheshimiwa akalirudisha faili jekundu chini ya kwapa, akageuka, akaelekea mlangoni. Nilimtazama mgongo njia nzima. Sakafu ya Ukumbi wa Taifa ni bapa, na Mheshimiwa Bandawe aliipita akiwa ameinamia mbele, mkono mmoja gotini, anahema kama mtu anayepanda kilima.